HAZWOPER ya onlaini, NEBOSH, kozi ya bandarini au mafunzo ya taka za hospitali: ipi inamfaa mfanyakazi wa Unguja na Pemba?

Swali hili naulizwa sana na masupavaiza wa kampuni za usafi na vijana wanaotafuta ajira, nichukue kozi ipi ya taka hatari, na kila mmoja keshaona tangazo lake kwenye simu, huyu HAZWOPER ya saa 40 onlaini, huyu NEBOSH ya Uingereza, mwengine kaambiwa aende kozi ya mizigo hatari ya bandarini, na yule wa hospitali kaambiwa tu asubiri semina. Pesa yenyewe hamna, na ikipatikana inatosha kozi moja. Kwa hiyo naziweka hizi kozi pamoja hapa tuziangalie, na msimamo wangu nausema mapema ili usije ukanisoma mpaka chini ukitafuta: kozi huichagui kwa ukubwa wa cheti, unaichagua kwa taka unayoishika wewe mwenyewe, na kozi ambayo hujavaa glavu wala maski mbele ya mwalimu hiyo bado ni nusu kozi, hata ikiwa ya Marekani.

Nianze na HAZWOPER maana ndiyo inayotangazwa kupita zote. Hii ni kanuni ya serikali ya Marekani, iko chini ya OSHA yao, yaani mamlaka yao ya usalama na afya kazini, namba yake 1910.120, na ilianza kutumika rasmi 1990. Ilitungwa kwa ajili ya watu wanaosafisha maeneo yaliyooza kwa kemikali, mapipa yaliyozikwa ardhini miaka mingi, viwanda vilivyofungwa na sumu ikabaki mle ndani, pia wale wa vituo vya kupokea taka hatari na waokoaji wanaoitwa kemikali ikimwagika. Saa zake zinakwenda kwa kazi. Anayeshinda eneo lenyewe kila siku ni saa 40 za darasa na siku 3 za kazi kwa vitendo chini ya msimamizi mwenye uzoefu. Anayekwenda mara moja moja kwa kazi maalumu, kama kuchukua sampuli, ni saa 24 na siku 1 ya vitendo. Kila mwaka marudio ya saa 8, na supavaiza anaongezewa saa 8 juu ya zile za watu wake.

Sasa hapa pana kitu matangazo hayakisemi. Hizo siku 3 za vitendo ni sehemu ya kanuni yenyewe, siyo pambo. Na OSHA ya Marekani imeshaeleza mara kadhaa kwamba kompyuta peke yake haitoshi, mfunzwa lazima apate kuvishika na kuvivaa vifaa na awe na mtu wa kumuuliza maswali. Na haitoi cheti cha HAZWOPER kwa mtu wala haiidhinishi kampuni ya mafunzo ya HAZWOPER. Kwa hiyo tangazo likikwambia cheti chetu kimeidhinishwa na OSHA kwa HAZWOPER, funga ukurasa. Na sisi huku mambo yanazidi kuchanganyika kwa sababu Bara nako kuna OSHA, ni taasisi nyengine kabisa, inafanya kazi kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya 2003, na hiyo nayo haivuki bahari, maana masuala ya kazi siyo ya Muungano. Zanzibar tuna Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005, na upande wa mazingira tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya 2015 ambayo ndiyo iliyoizaa ZEMA, mamlaka yetu ya mazingira. Mkaguzi akija hapo ulipo, iwe Saateni, iwe Wesha, atakuuliza kwa sheria hizo, na cheti cha Marekani hakikuvui jukumu lolote.

Je ndiyo kusema HAZWOPER haina maana kwetu? Hapana, kuna vitu mle ndani natamani kila supavaiza wa Zanzibar avijue. Kugawa eneo sehemu tatu, ndani kwenye hatari, katikati pa kujisafishia, nje pa salama, na mtu hatoki moja kwa moja kutoka ndani akaenda kula. Kufanya kazi wawili wawili, kila mmoja anamuangalia mwenzake. Kupimwa afya kila mwaka kwa anayefanya kazi kwenye sumu iliyozidi kiwango siku 30 au zaidi kwa mwaka, au anayevaa maski ya kupumulia siku hizohizo 30, na kupimwa tena siku anapoacha kazi. Hili la mwisho nalipenda sana maana mtu akija kuumwa ini au figo baadae anakuwa na rekodi ya kuonesha aliingia kazini vipi na akatoka vipi, huku kwetu wengi wanaondoka na buti zao tu.

Lakini kuisomea kwenye simu ukiwa Zanzibar kuna hatari moja ambayo sioni watu wakiizungumza, nayo ni rangi za filta za maski. Kozi ya Marekani inakufundisha filta nyeupe ni ya gesi za asidi, nyeusi ni mvuke wa petroli, rangi na vimiminika vya namna hiyo. Ukienda kununua maski unapewa iliyotengenezwa kwa mpangilio wa Ulaya, na kwa Ulaya nyeupe ni ya vumbi na chembechembe tu, mvuke wa petroli ni kahawia, gesi kama klorini ni kijivu, na gesi za asidi kama salfa dioksaidi ni njano. Yaani kijana kasoma vizuri, kafaulu, kaingia kwenye chumba chenye gesi ya klorini na filta nyeupe usoni akiamini imemkinga, na ile filta inazuia vumbi basi, gesi inapita kama kawaida. Mwalimu aliyesimama mbele yako ameishika maski ileile mtakayovaa kesho angekuonesha herufi zilizoandikwa ubavuni, A, B, E, K, P, akakwambia usiamini rangi kabla hujasoma maandishi. Video haijui wewe umenunua nini.

Na ndevu. Maski ya kubana usoni haikazi juu ya ndevu, hewa chafu inapita pembeni, hili halina mjadala, kanuni ya Marekani yenyewe inakataza nywele pale maski inapogusa ngozi. Huku kwetu wanaume wengi wanafuga ndevu kwa dini yao na hawatanyoa, wala sioni haki ya kumlazimisha mtu kwa mshahara ule. Basi jibu lipo, ni ile kofia pana yenye feni ya kusukuma hewa safi ambayo haihitaji kubana uso, ina bei, au mtu huyo apangiwe kazi isiyohitaji maski ya kubana. Kwa akina dada, mikanda ya maski ipite juu ya mtandio uliobana kichwa na ule ukingo wa maski ukae kwenye ngozi, kitambaa kisiingie katikati, na kitambaa chenyewe kisiwe kile cha kwenda nacho nyumbani. Mambo haya hamna kozi ya onlaini itakayokufundisha, inabidi myaongee wenyewe hapo kazini.

Joto pia. Kile kivazi kizima cha plastiki kwenye jua la jaa la Kibele saa sita mchana ni hatari peke yake hata kabla hujagusa taka. Wamarekani wana ushauri mzuri hapa, mfanyakazi mpya siku ya kwanza afanye asilimia 20 tu ya muda wa kawaida kwenye joto halafu aongezewe asilimia 20 kila siku mpaka mwili uzoee. Ongeza Ramadhani, mtu kafunga, hanywi maji, unamvalisha ovaroli, aproni, maski na glavu mbili. Ratiba ya mwezi ule ibadilishwe, kazi nzito ifanywe baada ya daku alfajiri au usiku baada ya futari. Mkufunzi akija na slaidi zake zinazosema kunywa maji kila baada ya dakika 20 bila ya kugusia hilo, muulize.

Mafunzo ya taka za hospitali

Haya ndiyo naona yanawafaa watu wengi zaidi hapa visiwani na ndiyo yanayodharauliwa, kwa sababu hayana cheti cha kung'ara. Msingi wake ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 2014, na mambo yake ni ya kushika kwa mkono. Kati ya taka zote za hospitali kama asilimia 85 ni za kawaida, karatasi, mabaki ya chakula, maboksi, na asilimia 15 ndizo hatari, lakini mkizichanganya tu basi zote zinakuwa hatari. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika wodini, pale nesi anapotupa, siyo kwenye gari. Ndiyo maana nasema mafunzo haya wakiyapata wabebaji peke yao na manesi wakaachwa, mbebaji ataendelea kuchomwa na sindano iliyotupwa kwenye mfuko mweusi wa taka za kawaida.

Na kuchomwa siyo jambo dogo. Sindano yenye damu ya mgonjwa mwenye homa ya ini B inaweza kumuambukiza mtu asiyechanjwa kwa kiasi cha asilimia 30, homa ya ini C ni kama 1.8, na VVU 0.3. Watu wanaogopa VVU, na ni haki yao, lakini angalia hizo namba, B ndiyo inayotisha zaidi na ndiyo yenye chanjo. Dozi 3, ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Mimi nikiambiwa nichague kati ya kumlipia kijana kozi yoyote hapa na kumchanja homa ya ini B, namchanja kwanza halafu ndiyo tunazungumza kozi. Kozi nzuri ya taka za hospitali itakufundisha pia ukichomwa ufanye nini, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usimwagie jiki, ripoti papohapo, na dawa za kinga ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72, unazimeza siku 28. Kijana anayeficha kwa kuogopa kufukuzwa kazi anazipoteza saa hizo, kwa hiyo na bosi naye akae darasani.

Kuna zoezi nililiona kwenye mafunzo ya aina hii, mwalimu aliwapaka washiriki rangi nyekundu ya maji kwenye glavu, akawaambia fanyeni kazi kidogo, bebeni ndoo, fungeni mifuko, halafu vueni vyote kama mnavyovua siku zote. Dada mmoja mzoefu kabisa alivua aproni kwa kuipitisha kichwani, rangi ikabaki shingoni na kwenye kidevu. Kaka mwengine alivua glavu ya kwanza vizuri, ya pili akaivuta kwa vidole vitupu kutoka nje, vidole vikawa vyekundu. Hapakuwa na haja ya maneno. Walirudia mpaka wakatoka wasafi, unabana glavu ya kwanza kwa nje karibu na kifundo cha mkono, unaivua ikijigeuza, unaishika kwenye kiganja chenye glavu, halafu kidole kitupu kinaingia ndani ya ile ya pili, upande wa ngozi, unaisukuma igeuke na kuifunga ile ya kwanza. Hilo ndilo linalokosekana kwenye kozi ya simu.

Mengine ya mle ni ya haraka: sefti boksi, lile sanduku la kutupia sindano, ikifika robo tatu funga, usishindilie wala usirudishie sindano kifuniko chake. Kwenye tanuri la kuchomea, usitie makopo ya presha, vipima joto vya zebaki wala plastiki za PVC, na moto mdogo wa kufuka moshi mweusi ni mbaya kuliko watu wanavyodhani, tanuri linatakiwa lifike nyuzi joto 850 na zaidi. Anayetoa majivu avae maski maana sindano hazijayeyuka zote, na majivu yale yana madini ya sumu.

NEBOSH na IOSH

Hizi za Uingereza nazipita kwa haraka kidogo kwa sababu si za mbebaji. NEBOSH ipo tangu 1979, ile satifiketi yao ya kimataifa inakufundisha kufikiri kama meneja wa usalama, kutathmini hatari, kuandika taratibu, kuchunguza ajali, na unafanya tathmini ya sehemu halisi ya kazi. Ni nzuri kwelikweli kwa supavaiza au mtu anayetaka kwenda kufanya kazi Ghuba, kule Omani na Dubai wanaiulizia. Lakini ni ghali, inataka Kiingereza cha kuandika, na haikufundishi taka hatari kwa undani. IOSH ya siku 3 ya mameneja ni nyepesi zaidi na inamtosha mwenye kampuni ndogo. Kumpeleka kijana wa kubeba ndoo kwenye NEBOSH ni kumtesa na pesa imekwenda.

Kozi ya mizigo hatari ya bandarini

Hii inafuata IMDG, kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari za kusafirisha mizigo hatari, ambazo ni lazima kwa meli tangu 2004, na tangu 2010 mafunzo yakawa lazima hata kwa watu wa nchi kavu wanaogusa mizigo hiyo, wanaopakia, wanaoandika karatasi, wanaofunga makontena. Kanuni zinafanyiwa mabadiliko kila baada ya miaka 2, kwa hiyo cheti cha zamani sana hakikusaidii. Ukifanya kazi Malindi, Wesha au Mkoani, au una biashara ya kukusanya betri chakavu za gari na kuzisafirisha, hii ndiyo yako. Betri ya asidi ni daraja la 8, la vitu vinavyounguza, taka za hospitali ni 6.2, petroli daraja la 3, na kila moja ina namna yake ya kufungwa na kitu isichotakiwa kukaa nacho pamoja. Kupeleka taka hatari nje ya nchi ni habari nyengine tena, kuna Mkataba wa Basel wa 1989, nchi inayopokea lazima ikubali kwa maandishi kabla mzigo haujaondoka, kwa hiyo usidanganywe na mnunuzi anayekwambia pakia tu tutamalizana mbele.

Mafunzo ya hapohapo kazini kwa karatasi ya kemikali

Watu wa mahoteli wa Nungwi, Paje na Kiwengwa, na wa majenereta, nyinyi kozi zote za juu hazijawagusa vizuri. Kemikali inayokuja na kampuni inayojiheshimu ina karatasi yake ya usalama, sehemu 16, na mnaweza kujifunza wenyewe nusu saa kila wiki. Sehemu ya 4 huduma ya kwanza, ya 8 vifaa vya kuvaa, ya 10 kitu isichopatana nacho, ya 13 namna ya kuitupa. Muombe muuzaji, akikosa badilisha muuzaji, halafu mmoja wenu anayejua Kiingereza awafasirie wenzake na mbandike ukutani kwa Kiswahili.

Mfano wa bwawa la kuogelea. Klorini ya unga na asidi ya kushusha pH zikikutana zinatoa gesi ya klorini, na gesi ile ni nzito kuliko hewa, inashuka na kujaa kwenye kile chumba cha pampu ambacho hoteli nyingi wamekichimba chini. Anayeanguka mle, mwenzake anamkimbilia kumtoa na yeye anaanguka. Pia kuna klorini za aina mbili, ya kalsiamu na ile ya vidonge, zikichanganywa zinaweza kuwaka au kulipuka, na kinachozichanganya mara nyingi ni kata moja inayotumika kwenye ndoo zote mbili. Kata mbili za rangi tofauti, rafu mbili mbali mbali, asidi inamiminwa kwenye maji na siyo maji kwenye asidi, na mtu akianguka chumbani mnabaki nje mnaita Zimamoto, haingii mtu bila ya mtungi wa hewa, filta haitoshi pale. Hilo darasa halina gharama na linaokoa roho kuliko cheti chochote nilichokitaja.

Sasa nani achukue nini

Mbebaji wa taka wa hospitali au kituo cha afya, Unguja au Pemba: chanjo, halafu mafunzo ya taka za hospitali ana kwa ana, kwa Kiswahili. Kwa Pemba nashauri kabisa msichange nauli za boti watu kumi waje mjini, mchangieni mkufunzi mmoja aje Chake, afundishe kwenye tanuri lenu na ndoo zenu. Dereva na vijana wa gari la taka za mji na wale wa jaa la Kibele, hayohayo, pamoja na chanjo ya pepopunda. Fundi wa hoteli au jenereta, karatasi za kemikali na zoezi la dharura. Bandari, IMDG. Supavaiza mwenye Kiingereza na malengo ya mbali, IOSH kwanza, NEBOSH baadae. HAZWOPER ya onlaini ichukue kama umeshapata kampuni ya nje, mfano ya mafuta na gesi, inayoitaka kwa maandishi, na kampuni hiyo ikukamilishie zile siku 3 za vitendo. Kama huna kampuni ya kuitaka, mamia ya dola hayo yanunue glavu nene, buti na miwani ya watu wako.

Kabla hujalipa popote muulize mwenye kozi maswali haya, na uyaulize kwa maandishi. Tutavaa na kuvua vifaa mbele ya mwalimu? Vifaa hivyo ni vya aina ileile tunayotumia sisi? Atafundisha kwa Kiswahili, na mtihani ukoje kwa asiyejua kusoma vizuri? Cheti kinaisha lini na marudio ni bei gani? Sheria gani mnafundisha, ya Zanzibar au ya kwengine? Halafu pita Idara ya Usalama na Afya Kazini uwaoneshe majibu yake uwaulize kama kozi hiyo wanaitambua.